Wasia wa babu, hati ya Mngereza na mashangazi waliofutwa

Kila bei ya ekari inapopanda kati ya Mtwapa na Malindi, karatasi kuukuu hutoka masandukuni. Mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuuliza habari za shamba la babu yake, leo anapiga simu mpaka Muscat kutafuta binamu. Vijana wanapiga picha hati zilizoliwa na mchwa na kuzituma katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, kisha matusi yanaanza. Huyu anasema babu aliacha wasia, yule anasema ni wakf, wa tatu anasema karatasi si ya babu bali ni ya mjomba wake babu.

Mimi si wakili wala si shekhe. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwa sababu hiyo watu huniletea karatasi niwasaidie kuzisoma. Katika kazi hiyo nimejifunza jambo moja ambalo nataka tulizungumze wazi. Familia nyingi za Pwani hazipotezi shamba kwa kukosa karatasi. Hulipoteza kwa kukosa orodha kamili ya watu, na mara nyingi wanaokosekana katika orodha hiyo ni wanawake.

Tuanze na karatasi yenyewe. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakausimamia tangu 1895. Mwaka 1908 wakaleta Sheria ya Hati za Ardhi. Kila aliyedai kuwa na ardhi ya mtu binafsi alitakiwa afike mbele ya msajili, aonyeshe madai yake na mashahidi wake, naye akiridhika ampe cheti cha umiliki. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Wengi waliofika ni Waarabu, Waswahili wa mijini na Wahindi, kwa kuwa walikuwa na mazoea ya hati na kadhi. Wamijikenda walioishi na kulima katika ardhi hiyo hiyo hawakuingia katika daftari hilo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 ililieleza jambo hili kwa urefu, na hakuna mtu wa Pwani anayehitaji kufundishwa matokeo yake.

Basi yule mwenye shamba wa zama za ukoloni, mwenye minazi yake na miembe yake, akapata cheti. Akaishi, akafa. Hapo ndipo mkoloni mwenyewe na sisi tulipoachana njia.

Mzungu mwenye shamba kule nyanda za juu, ambaye chini ya sheria ya ardhi ya 1915 angeweza kupewa kipande kwa miaka 999, aliandika wasia wa Kiingereza. Sheria yake ilimpa uhuru mkubwa sana. Angeweza kumwachia shamba lote mwanawe wa kwanza na kuwanyima wengine. Aliteua wasimamizi, wasia ukapelekwa kortini, jalada likafunguliwa likiwa na majina ya mke, watoto na wadeni. Kule Uingereza kumbukumbu za wasia zimewekwa pamoja tangu 1858, na mjukuu wa mtu aliyekufa miaka mia iliyopita anaweza kuomba nakala na kuisoma akiwa kitini kwake. Ndiyo maana wanaotafiti koo zao huko huanza na wasia: kwa karatasi moja wanapata familia nzima na mali yake.

Mwenye shamba Mwislamu hakuwa na uhuru huo, na hakuuhitaji. Mirathi yake imekwisha kugawanywa katika Sura ya An-Nisaa. Akifa, kwanza analipiwa mazishi, kisha madeni, kisha wasia wake, nao hauvuki thuluthi ya mali wala haumwendei mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Kinachobaki kinagawanywa kwa hisabu iliyowekwa. Kwa hiyo mtu anayekuja na karatasi akisema, "Babu aliniandikia shamba lote kwa wasia," ajue kwamba hata kama sahihi ni ya babu kweli, karatasi hiyo haina nguvu anayoidhania. Kama alimpa akiwa hai na akamkabidhi, hiyo ni hiba, na hiba ina masharti na ushahidi wake. Kama alisema lipatikane baada ya kufa kwake, huo ni wasia, na mpaka wake ni thuluthi.

Sheria ya nchi imeliheshimu jambo hili. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ndoa, talaka na urithi wa Waislamu. Sheria ya Urithi ya Kenya ilipoanza kutumika mwaka 1981 ilileta mvutano mkubwa, na mwaka 1990 ikarekebishwa ili mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe kwa sharia ya Kiislamu. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 ikaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka ya kusikiliza mirathi pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa huko.

Tatizo basi haliko katika sheria. Tatizo ni kwamba mgao wetu, kwa kuwa ulikuwa unajulikana, haukuandikwa. Kadhi alisema, wazee wakaitikia, watu wakala ubani, basi. Cheti cha 1908 kikabaki na jina la marehemu. Marehemu ana miaka themanini kaburini, na katika afisi ya ardhi bado yeye ndiye mwenye shamba.

Natoa mfano wa hisabu ili tuone uzito wake. Chukua mzee aliyeacha ekari 40, mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja, wote wa mke huyo, na hakuna mrithi mwingine. Mke anapata thumuni, yaani ekari 5. Zinabaki 35, mwanamume akichukua mara mbili ya mwanamke: kila mwana ekari 14 na binti ekari 7. Baada ya miaka kadhaa mke anakufa, wazazi wake wakiwa wamekwisha kutangulia. Ekari zake 5 zinarudi kwa watoto: kila mwana 2, binti 1. Sasa wana wana ekari 16 kila mmoja, binti ana 8.

Binti huyu aliolewa Lamu. Akafa akimwacha mume, mwana mmoja na binti mmoja. Mume anapata robo, ekari 2. Mwana anapata 4, binti 2. Na huyu binti wa pili akaolewa Zanzibar, akazaa huko. Watoto wake leo ni watu wazima, wana vitambulisho vya Tanzania, hawajawahi kukanyaga Takaungu, na pengine hawajui kwamba wana haki katika ekari 2 za shamba la babu wa mama yao.

Mafakihi wana jina la hisabu hii ya tabaka juu ya tabaka: munasakhat. Inataka mambo mawili, nani alimzaa nani, na nani alitangulia kufa. Jambo la pili ndilo linalosahaulika. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kama yule binti wa Lamu alikufa kabla ya baba yake, watoto wake hawarithi kitu kwa babu kwa njia yake. Kama alikufa wiki moja baada ya baba yake, wana fungu lao katika ekari alizorithi. Wiki moja tu inaamua. Misri iliona ugumu wa wajukuu hawa ikatunga sheria ya wasia wa lazima mwaka 1946, na Pakistan ikachukua njia yake nyingine mwaka 1961. Kwetu hapa dawa ni ile ya asili: babu mwenyewe awaandikie wajukuu mayatima wasia ndani ya thuluthi yake. Ni wangapi wanaofanya hivyo?

Hapa nafika penye uchungu wa makala hii. Pwani tunajivunia nasaba. Nyumba nyingi zina shajara imetundikwa ukutani, jina juu ya jina, fulani bin fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut, mpaka Oman, mpaka kwa mababu wa Shungwaya. Ukiitazama vizuri utaona kwamba ni mstari mmoja unaopanda juu. Imetungwa kwa ajili ya heshima. Inamwambia mgeni sisi ni watu wa nani.

Mirathi haiulizi swali hilo. Mirathi inauliza marehemu aliacha nani, kwa hiyo inataka mti unaoshuka chini na kutanuka pembeni, wenye wake, mabinti, akina mama wa kambo, na watoto wa mabinti. Shajara za ukutani hazina hao. Nimeona shajara ya vizazi vinane isiyo na jina la mwanamke hata mmoja, kana kwamba wanaume hao walizaana wenyewe kwa wenyewe. Familia ikienda kwa kadhi na shajara hiyo, itagawanya shamba kwa watu nusu. Kisha siku moja mjukuu wa shangazi atatokea, na kesi itaanza upya. Au hatatokea, na ndugu zake watakuwa wamekula haki ya yatima bila kujua, wengine kwa kujua.

Tuseme ukweli. Mara nyingi hao mashangazi hawakusahauliwa. Walifutwa. Binti alipoolewa aliambiwa, "Wewe una kwa mumeo." Alipodai aliambiwa anawatia aibu nduguze. Akanyamaza ili aendelee kupata mlango wa kurudi siku akiachwa. Kunyamaza kwake tukakuita kuridhia. Tunawalaumu wakoloni kwa daftari lililowaacha nje watu waliokuwa wakilima, na tuna haki ya kuwalaumu. Lakini sisi wenyewe tuna madaftari yetu majumbani, na tumewaacha nje dada zetu waliopewa fungu lao na Mwenyezi Mungu kabla ya kuzaliwa mkoloni.

Kuna karatasi ya aina nyingine inayoleta ugomvi: wakf wa familia. Wazee wengi, wakiogopa shamba lisikatwe vipande mpaka liishe, waliliweka wakf, kwamba lisiuzwe, mapato yake wale watoto na wajukuu, na ukoo ukikatika yaende kwa maskini au msikiti. Waingereza hawakuuelewa wakf huu. Mwaka 1894 korti ya juu kabisa ya himaya kule London iliamua, katika kesi iliyotoka Bengal, kwamba wakf ambao faida yake kubwa ni ya familia na fungu la maskini liko mbali mno si sadaka ya kweli. India ikajitungia sheria ya kuurudisha mwaka 1913. Huku kwetu uamuzi ule ukaendelea kutuandama, na mwaka 1951 korti hiyo hiyo ya London ikautumia kuubatilisha wakf wa familia moja ya Mombasa. Ndipo Sheria ya Makamishna wa Wakf ya mwaka huo ikatambua hapa Kenya kwamba wakf wa familia ni halali, mradi mwisho wake uwe ni kwa maskini au jambo la dini.

Kwa hiyo karatasi ya wakf ya 1920 haisomwi kwa macho tu. Lazima uulize kama iliwahi kupingwa kortini na kama iliandikishwa kwa Makamishna. Anayeiuza ardhi ya wakf kwa kuwa jina la babu limo katika hati anacheza na moto. Anayenunua naye ni hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawapendi nilitaje. Mashamba yale ya minazi hayakulimwa na waliopata vyeti peke yao. Hali ya utumwa ilikomeshwa kisheria katika ukanda wetu mwaka 1907, mwaka mmoja tu kabla ya sheria ya hati. Walioachwa huru wengi walibaki pale pale, wakapanda, wakajenga. Katika fikihi kuna haki iitwayo walaa, ambayo aliyemwacha mtu huru humrithi pale anapokufa bila warithi wa damu wanaostahiki. Baada ya 1907 haki hii ilizua mabishano, maana mtu alipokufa, jamaa wa bwana wake wa zamani walikuja kudai, na watoto wake wakatakiwa wathibitishe nasaba ambayo hakuna aliyeiandika. Mtumwa hakuwa na shajara ukutani.

Wazao wao wako nasi. Wengine wanaitwa maskwota katika ardhi ambayo babu wa babu yao aliisafisha kwa mikono yake. Wengine wana nyumba isiyo na ardhi, au minazi isiyo na ardhi, maana desturi yetu ya Pwani iliruhusu mti uwe wa mtu mmoja na udongo wa mwingine. Familia inayotoa cheti cha 1908 kutoka sandukuni ikumbuke kwamba cheti kile kinasema ukweli mmoja tu. Na hata kisheria kimya kina gharama: aliyekaa katika ardhi ya mtu waziwazi kwa miaka 12 bila idhini ya mwenyewe anaweza kwenda kortini kuomba itambuliwe kuwa yake. Anayelipa ijara au aliyekaribishwa ana hali nyingine. Kesi hiyo haiendi kwa kadhi, inakwenda katika korti ya mazingira na ardhi. Warithi wanaogombana wao kwa wao miaka ishirini wakati huo huo wanampa aliye shambani hoja yake.

Juu ya yote haya imekuja hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2025, iliyosema kwamba mtoto wa Mwislamu aliyezaliwa nje ya ndoa hawezi kunyimwa urithi wa baba yake kwa sababu hiyo peke yake. Hotuba za Ijumaa zilijaa hasira. Msimamo wa fikihi unajulikana: mtoto huyo humrithi mama yake na jamaa za mama, wala hamrithi baba kwa njia ya mirathi. Mimi naushika msimamo huo wa wanazuoni wetu, na naona Ibara ya 24 ya Katiba ilikusudiwa kuulinda.

Lakini hasira pekee haijibu swali la mtoto. Sharia haikumwacha mikono mitupu. Kwa kuwa si mrithi, baba anaweza kumwandikia wasia mpaka thuluthi nzima, na akiwa hai anaweza kumpa hiba kadiri apendavyo. Kama akina baba wangetumia milango hii miwili, kesi hiyo na nyingine mfano wake huenda zisingefika kortini. Tunaulilia mpaka wa sharia baada ya kuziacha ruhusa zake zote bila kuzitumia. Na tazama hukumu hii inavyogusa karatasi zetu za kale: ukianza kuchora mti wa warithi leo, utakutana na mtoto aliyefichwa wa mwaka 1950. Bora akutwe na nduguze mezani kuliko akutwe na wakili.

Sasa tufanye nini? Kwanza, kabla ya kutafuta karatasi, tafuta watu. Kaa na mabibi wa ukoo walio hai, si wazee wa kiume peke yao, kwa kuwa wanawake ndio wanaojua nani alinyonyeshwa na nani, nani aliolewa wapi, na nani alikufa mwaka wa mafuriko gani. Andika kila marehemu na warithi wake wote, na mpangilio wa vifo. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulitufikia kwa kuchelewa, kwa hiyo ushahidi wa kaburi, wa daftari la msikiti na wa cheti cha ndoa cha kadhi una thamani.

Pili, tafuta karatasi mahali pake. Afisi ya ardhi ya Mombasa, rejista za mahakama za kadhi, hifadhi ya nyaraka za taifa, na kwa familia zenye mkono wa Unguja, hifadhi ya nyaraka kule Kilimani, Zanzibar. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hati nyingi ni za Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na anayeweza kuzisoma anazidi kuwa adimu. Usimpe dalali karatasi ya asili hata kwa saa moja.

Tatu, peleka mirathi kwa kadhi kabla ya mnunuzi hajafika. Mgao unaofanywa huku milioni zinangoja mlangoni si mgao, ni mnada. Ukishapata hukumu, usiishie hapo. Ipeleke afisi ya ardhi ili jina la marehemu litoke na majina ya walio hai yaingie, ya wanawake pamoja nayo.

Nne, wewe unayesoma hapa, andika wasia wako. Taja madeni yako, taja thuluthi yako inakwenda wapi, wataje wake zako na watoto wako wote kwa majina, na utie sahihi mbele ya mashahidi. Hata usipokuwa na cha kugawa, orodha ile ya majina ni mali. Miaka themanini kuanzia leo mtu atakuwa anaitafuta, na itamwokoa na ugomvi ambao sisi tuliachiwa.